Ukuta wa Mbele wa Baltazari

"Elfu arobaini za nini?" Baltazari aliwaka. "Nyumba ya marehemu baba, ukuta wa marehemu baba, halafu nikulipe wewe?"

"Hunilipi mimi, unailipa halmashauri," alijibu Kasmir, bwana mipango miji. "Mtaa huu ni wa kale, sura za nyumba zake hazibadilishwi. Uliambiwa. Umebomoa ukuta wa mbele ukatoboa mlango wa duka. Lipa faini, na huo mlango uuzibe."

"Si mnasema biashara ruksa siku hizi?"

"Biashara ruksa. Ukuta siyo." Kasmir akanusa. "Kumbe mnapika na pombe humu?"

Baltazari akageukia maboksi yake. Yeye aliuza sabuni na chumvi, basi. Lakini tangu autoboe ule mlango, nyumba ilinuka kimea cha ulezi, kibichi, kilichovunda, na kila asubuhi mkewe Lydia alikuta alama za viganja vya tope juu ya maboksi ya sabuni.

Faini hakulipa. Kuziba aliziba, mwenyewe, huku akitukana. Na tusidanganyane: aliziba kwa kuogopa vile viganja, hakumwogopa Kasmir.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kesho yake mchana, ukungu wa baridi umeufunika mji, alikuwa anarudi kutoka sokoni aliposikia ndani ya nyumba yake pa, pa, pa, kama mtu anayekandika ukuta kwa kiganja, akakimbia, akakuta mlango mkubwa umekandikwa udongo mbichi juu mpaka chini, na wa uani vilevile, na madirisha vilevile, na ile harufu ya kimea ikitoka ukutani kama jasho, na Lydia alikuwa humo ndani.

"Lydia!"

Pa, pa, pa.

Bibi Cornelia, jirani, alikuja akijikongoja.

"Shikamoo, bibi. Mke wangu yumo—"

"Ulitoboa wapi?" bibi alinong'ona, hata salamu hakuitikia.

"Pale penye kiraka. Palikuwa laini."

"Mungu wangu! Pale ndipo tulipomtolea shangazi yako Angela. Nyumba hii aliijenga yeye, kwa pombe yake ya ulezi. Baba yako akamnyang'anya. Angela akafa anamlaani, ndiyo maana maiti yake haikupita mlangoni. Tulibomoa ukuta, tukamtoa, tukaziba, ili akirudi asiione njia. Wewe ukamfungulia, akaingia. Halafu ukamzibia ndani!"

Baltazari akachukua sururu. Kasmir, aliyekuwa amefuata faini yake, alisimama barabarani.

"Bomoa," alisema kwa sauti ndogo. "Bomoa, bwana. Huko ofisini nitajibu mimi."

Baltazari akabomoa pale alipoziba. Tofali la kwanza likang'oka, akalishika, na kabla hajalitupa mkono ukatokea kwenye tundu. Ulikuwa wa Lydia, pete aliijua, umejaa tope mpaka kwenye kiwiko. Ukamnyang'anya lile tofali taratibu, ukalirudisha mahali pake kwa upande, ukaacha upenyo mwembamba tu, na kwenye upenyo huo vidole vikaanza kusukuma udongo.

"Lydia, toka, mke wangu. Nakuomba."

Sauti iliyomjibu ilikuwa ya kikongwe.

"Hii nyumba nilijenga mimi. Nataka nyumba yangu. Mkeo namshika mpaka unipe."