Goti la Panzi

"Panzi! Shuka hapo! Shuka sasa hivi!"

Uwanja mzima wa shule ukanigeukia.

Nilikuwa nimepita kumchukua nikitoka kazini. Binti yangu, aliyeniaga kwamba anakwenda masomo ya ziada, alikuwa juu ya benchi. Na goti lile lile lililopasuliwa! Pembeni yake amesimama daktari wake wa mazoezi, anampigia makofi...

"Ruka!" anamwambia.

Jamani, nikawakimbilia.

Huyo daktari nilimwamini. Tangu Panzi aanguke akidaka mpira wa netiboli, kano ya goti ikakatika, mimi ndiye nimekuwa miguu yake. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Nikitoka huko mikono inaniwaka, nikifika nyumbani namkanda kwa barafu, namkunja mguu, namnyoosha. Baba yake? Tuyaache hayo. Nimechoka hadi nasinzia nimesimama, pasi mkononi. Shuka la watu nimeshaliunguza!

Halafu wiki iliyopita daktari akasema amezidiwa na wagonjwa, tusiende kliniki kwanza. Kumbe!

"Daktari, unataka kunivunjia mtoto?"

"Mama, karibu ukae."

"Sikai! Si ulisema umezidiwa na wagonjwa?"

Akajikuna kichwa. "Nilidanganya, unisamehe. Goti limepona, mama. Ila ukiwepo wewe, linagoma."

"Eti nini?!"

"Kila akinyanyua mguu, kuna neno unasema. Hujisikii?"

Nikamgeukia Panzi. "Nasema nini mimi?"

Akainamisha kichwa. "Taratibu."

"Sasa hilo nalo ni tusi?"

"Hapana, mama... Ila ukisema taratibu, nasikia kama naanguka upya. Mguu unaganda. Na keshokutwa wanachagua timu."

"Ndiyo mkanizunguka?"

"Nilikuomba usije kliniki. Ukalia, ukasema nakutupa."

Niseme ukweli? Nilikasirika. Shukrani ya punda mateke! Mgongo umeniisha kwa ajili yake, leo mimi ndiye ugonjwa! Nilitaka kumshika mkono tuondoke. Lakini nikajikuta nimekaa chini, kwenye vumbi.

"Naruka, mama," Panzi akasema. "Ukiweza, tazama. Ukishindwa, geukia kule."

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Akaruka!

Akatua... akayumba... nikafumba macho.

Nilipofumbua, amesimama. Hakuna aliyemshika.

"Tena," akasema mwenyewe, huyoo anapanda benchi. Hata hakuniangalia.

Nikamuuliza daktari, "Sasa mimi nifanye nini?"

"Nenda ukalale, mama. Lini umelala?"

Swali hilo ndilo lililoniliza.

Nyie mnaouguza, nisikilizeni. Kuuguza ni mapenzi, lakini kuna siku mgonjwa anapona na wewe bado umemshikilia. Siku hiyo mwachie. Inauma, nakuambia, inauma kuliko kumbeba.

Nilikwenda nyumbani nikajitupa kitandani na viatu vyangu, jua bado linawaka.

Jioni nikasikia mikono inanivua viatu, polepole, kimoja kimoja. Alikuwa Panzi.

Nikajifanya bado nimelala.