Nyumba Mbele, Gari Nyuma

"Mwambie aendelee kuchomelea," Swalha alisema.

"Mwambie akate," Murshid alisema.

Careen aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama fundi Liang aliyechuchumaa nyuma ya gari, kwenye chuma cha kuvutia gari jingine, miwani ya kuchomelea kichwani. Careen alikuwa binti wa Musoma, yuko Guangzhou kusomea udaktari. Kichina chake kilikuwa safi, na kwa sababu hiyo Jumapili zake zote zilikuwa za kuwasemea wafanyabiashara wa kutoka nyumbani.

"Nimwambie lipi sasa?"

Wawili hao wakageuziana migongo. Fundi akauliza kitu, Careen akajibu kwa mkato. Liang akavua glavu, akawasha sigara, akaenda zake kwenye lori la mtu mwingine.

"Amesemaje?" Murshid aliuliza.

"Amesema mkishakubaliana mumwite."

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo lililonunuliwa Hong Kong kwa sababu ya usukani wa kulia. Liang alilitoa viti vyote, akaliwekea kitanda cha kukunja, jiko la gesi, sinki na kabati. Murshid na mkewe waliliita kwa jina moja tu, nyumba. Wangeipakia melini kwenye bandari ya Huangpu mpaka Dar es Salaam, halafu waingie nayo barabarani: Iringa, Njombe, Songea, Sumbawanga, mnada baada ya mnada, wakiuza jinzi na kulala humo humo. Pamoja na nyumba walikuwa wamenunua kigari chekundu cha milango miwili. Swalha alitaka kivutwe nyuma ya nyumba. Murshid hakutaka hata kusikia.

"Nimeendesha malori miaka tisa," Murshid alisema. "Injini ya hili basi ni ndogo. Ukiifungia gari nyuma, mlima wa Kitonga kupanda itachemka, na kushuka ndiyo mbaya zaidi. Tela halina breki zake. Linakusukuma. Nimeona tela likimsukuma mtu mpaka korongoni, Swalha. Nimeona kwa macho yangu."

"Na tukishafika? Tukishaegesha nyumba, tumepanga marobota nje, nikitaka kwenda dukani nikunje kitanda, nifunge jiko, nihamishe nyumba nzima?"

"Utanituma mimi."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwa wapi mimi?"

Swalha alimtazama. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka nje kutafuta teksi.

Ikawa ndiyo wimbo wa wiki nzima. Waligombana barabara ya Guangyuan Xilu katikati ya maduka ya jumla, wachukuzi wakiwapitia na marobota kichwani na kuwasukuma pembeni. Waligombana kwenye basi la kwenda Xintang kukagua jinzi, mpaka Swalha akahamia kiti cha nyuma. Kule kiwandani alimwambia bosi bei yake, bosi akatikisa kichwa, "Bu xing, bu xing," haiwezekani, na Murshid akacheka kwa uchungu.

"Hilo neno ndilo nalitafuta. Bu xing. Labda kwa Kichina utanielewa."

"Nimekuelewa kwa Kiswahili, Murshid. Wewe ndiye hujanielewa mimi."

"Basi nieleweshe. Kigari cha nini? Sukari? Nitakununulia gunia la sukari."

"Si sukari."

"Ni nini?"

Swalha alifungua mdomo, akaufunga. Akageukia marobota yake.

Murshid alichoka. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe, alimwoa kwao Unguja kinyume cha ushauri wa mama yake, na hata siku moja hakujuta. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza mambo, na jambo hili halikuwa linamalizika. Siku ya meli ilikuwa imekaribia. Asubuhi moja Swalha akiwa Xintang, akaenda kwa Liang peke yake. Bila Careen, akaonyesha chuma cha kuvutia kilichokuwa nyuma ya nyumba, akapitisha kiganja hewani kama msumeno. Liang akamwonyesha kidole kuelekea upande wa mlango, kama anayeuliza: na mkeo je?

Murshid akatikisa kichwa, akapitisha kiganja tena. Liang akakata.

Siku hiyo hiyo kigari kilipata mnunuzi. Alikuwa Tahir, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akijaza kontena lake na alikuwa na nafasi ya gari moja dogo. Murshid alirudi hotelini akiwa mwepesi. Alijiambia atamweleza Swalha meli ikishang'oa nanga. Atalia siku mbili, yataisha.

Hayakufika huko. Siku iliyofuata walikuwa wakila kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu karibu na stesheni ya treni, Tahir akaingia, akawaona, akaja mezani kwao na tabasamu.

"Asalaam alaykum. Shemeji, samahani kukukatizia chakula. Ule ufunguo wa pili wa gari nimeambiwa uko nawe."

"Wa gari gani?" Swalha aliuliza.

"Hiki kigari chekundu. Chenyewe nshakipakia, kontena limefungwa na kupigwa lakiri, liko Huangpu. Ni ufunguo tu."

Murshid aliweka vijiti mezani. Tahir alimtazama yeye, akamtazama mkewe, tabasamu likamtoka.

"Wallahi sikujua," Tahir alisema taratibu. "Nilidhani mwakubaliana."

"Hukukosea wewe," Swalha alisema. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akamkabidhi. "Chukua. Ni gari yako."

Tahir aliondoka haraka. Swalha alikaa akitazama bakuli.

"Swalha, nilikuwa nakwambia leo."

"Hukuwa."

"Meli iko karibu. Tungeendelea hivi mpaka lini? Mtu mmoja alilazimika kuamua."

"Na ukaamua ni wewe." Akainuka. "Ukimaliza kula, lipa."

Murshid aliporudi chumbani, sanduku la Swalha halikuwepo. Alimsubiri alasiri yote. Karibu na magharibi peja yake ikalia. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa herufi za Kichina, kwa kuwa anayetuma ujumbe wa peja humpigia simu opereta, naye huuandika kwa lugha yake. Murshid hakujua hata herufi moja. Akaikimbiza kwa Careen, kwenye hosteli ya wanafunzi wa kigeni.

Careen alimkuta getini, mikono kifuani.

"Nisomee, mdogo wangu."

"Sihitaji kusoma, kaka Murshid. Mimi ndiye niliyempigia opereta. Inasema: Narudi Unguja kwa ndege. Nyumba ni yako, kaa nayo."

"Yuko hapa?"

"Yuko. Ila kaka, nikwambie jambo moja. Mwezi mzima nawatafsiria. Bei nimetafsiri, ugomvi nimetafsiri, leo nimetafsiri mpaka talaka kwa opereta aliyekuwa anatafuna kitu. Mimi ni mwanafunzi. Nina mtihani. Nendeni mkazungumze wenyewe, kwa lugha mliyozaliwa nayo."

"Hajataja talaka."

"Bado," Careen alisema, akaingia ndani kumwita.

Wanaume hawakuruhusiwa kupanda ghorofani, kwa hiyo waliongea uani, kwenye benchi karibu na baiskeli za wanafunzi. Swalha alikaa mwisho wa benchi, mtandio umefungwa vizuri, kama mtu anayesubiri basi.

"Nimekosa," Murshid alisema. "Kukiuza bila wewe nimekosa. Lakini kuhusu kukivuta sikukosea. Hilo siwezi kusema uongo ili nikufurahishe. Lingetuua."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekusikia tangu siku ya kwanza. Tela linasukuma. Nakuamini, wewe dereva."

Murshid alihisi hasira ikimpanda upya. "Sasa kama unaniamini, wiki nzima tulikuwa tunagombania nini?"

"Mimi sikutaka livutwe. Nlitaka liwepo. Kuvuta kulitokana na maneno yako. Ulisema magari mawili yatakula mafuta mara mbili, nikasema basi livutwe, usipate kisingizio."

"Liwepo la nini, Swalha? Ndilo ninalokuuliza kila siku na hujibu."

Swalha alizitazama baiskeli. Wanafunzi wawili walipita wakicheka, wakachukua baiskeli zao, wakaondoka.

"Makambako," alisema.

Murshid aliinamisha kichwa. Makambako ndiko mimba yao ya kwanza ilikoharibika, miaka miwili nyuma, wakati huo wakitembeza nguo kwa pikapu. Yeye alikuwa amekwenda Mbeya kuchukua mzigo. Aliporudi alimkuta mkewe wodini.

"Mungu alipanga," alisema kwa sauti ndogo. "Tulikubaliana tusilirudie."

"Wewe ulikubali. Mimi nlinyamaza." Swalha alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Tangu siku ile hujapata kuniuliza nilifikaje hospitali."

"Nilifikiri ulipata gari."

"Gari lipi? La pekee ulikuwa nalo wewe. Mwenye nyumba ya wageni alikwenda barabarani kusimamisha malori, hayakusimama. Nilipelekwa kwa mkokoteni wa viazi, Murshid. Nimelazwa juu ya magunia, wanaume wawili nisiowajua wanasukuma, na mvua inanyesha. Kila jiwe nililisikia. Na kufika, daktari akanambia, mama, ungewahi kidogo."

Murshid alimsogelea kidogo kwenye benchi. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Halafu unanambia, 'Utanituma mimi.' Unanambia, 'Nitakuwa wapi mimi?'" Swalha aliendelea. "Utakuwa Mbeya. Utakuwa Tunduma. Wewe ni mtu wa barabara na sikulaumu, nimeolewa nawe hivyo. Lakini sitalala tena mahali ambapo gari ni moja na liko nawe."

"Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Kwa sababu kila nikitaka kusema, nakuona unasubiri nimalize upate kunijibu habari za injini."

Hilo lilimwingia kuliko yote. Alikaa pale akijitazama viatu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, hakuyaficha.

"Unaweza kuendesha?" aliuliza mwishowe.

"Mjomba alinifunza Unguja, na leseni ninayo. Hukuuliza na hilo pia."

Asubuhi Murshid alikuwa kwenye stoo ya Tahir kabla haijafunguliwa. Alimweleza yote bila kujipamba. Tahir alimsikiliza akimimina chai.

"Siwezi kulitoa," alisema. "Kontena likishapigwa lakiri, kulifungua tena ni balaa la makaratasi, na meli yataka kuondoka. Kigari chaenda Mombasa, utake usitake."

"Basi nirudishie kikifika Mombasa. Nitakuja kukichukua."

"Wewe?" Tahir alitikisa kichwa. "Wewe sikuuzii. Jana umenifanya nimwombe mke wa watu ufunguo wa gari yake mwenyewe, mbele ya chakula. Sikulala vizuri. Namuuzia yeye, kwa jina lake. Aje mwenyewe tuelewane. Asipotaka, basi hataki."

Murshid alirudi hosteli na jibu hilo. Alitarajia Swalha angekataa. Swalha alimsikiliza, akaenda kuvaa viatu.

Kwa Tahir yalizungumzwa maneno machache. Tahir alihitaji jinzi za Xintang na hakuwa na muda wa kwenda. Swalha alikuwa na marobota yake mwenyewe, aliyoyachagua kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Wakabadilishana, marobota kwa kigari. Murshid alisimama mlangoni na hakutia neno, hata pale alipoona Swalha ameachia robota moja zaidi ya alivyofikiri ni haki. Ufunguo ukarudi mkononi mwa mwenyewe.

"Utakichukua Mombasa, shemeji," Tahir alisema. "Horohoro hapo mpakani uwe na subira, wana maswali mengi."

"Nina subira. Nimeolewa."

Tahir alicheka. Murshid naye akacheka kidogo, kwa aibu.

Nje, barabara ilikuwa imejaa wachukuzi. Walitembea mpaka kwenye kivuli cha daraja la juu, Swalha akasimama.

"Nyumba ikifika Dar, iegeshe kwa mama yako," alisema. "Songea itangoja."

"Itangoja nini? Gari umepata. Nyumba ipo."

Swalha alitazama magari yaliyokuwa yakipita, kisha akamtazama yeye.

"Mtoto. Careen alinipeleka kupimwa hospitali yao, kabla hata Liang hajaanza kuchomelea kile chuma."

Murshid alishika ukuta wa daraja.

"Ulijua. Wiki nzima ulijua, na hukuniambia. Ungesema neno hilo moja tu, Swalha, ningekununulia magari kumi."

"Ndiyo sababu sikusema," Swalha alijibu. "Kwa ajili ya mtoto ungekubali siku ile ile. Nilitaka kujua kama ungekubali kwa ajili yangu."

Murshid aliuachia ukuta, akamsogelea.

"Nilishindwa," alisema.

"Ulishindwa. Halafu asubuhi hii ukaenda kwa Tahir kabla hajafungua." Swalha alirekebisha mtandio. "Sanduku langu bado liko kwa Careen, ghorofa ya nne, na ni zito. Wanaume hawaruhusiwi kupanda, kwa hiyo utangoja getini. Ungoje mpaka nishuke."

"Nitangoja," Murshid alisema, na akangoja.