Askari Weupe Shingoni mwa Bibi

Semeni ana miaka mitano. Anaishi na bibi yake, Bibi Chausiku. Kwa utani, Bibi humwita "mke mwenzangu."

Kila siku, Bibi akishaswali alasiri, Semeni hupanda mgongoni kwake. Humkumbatia shingo, wakazunguka ua mara tatu. Kwi kwi kwi, wanacheka.

Siku moja shingo ya Bibi ikaota uvimbe. Mdogo tu, kama mbegu ya ukwaju.

Daktari akaupima. Akasema ni saratani ya tezi. Jumatatu atautoa.

Semeni akaacha kupanda mgongoni. Akakaa mwisho wa mkeka.

Bibi akamwita. Hakuja. Bibi akamtania, kwani leo wamegombana? Hakucheka.

Mwishowe Semeni akasema, "Bibi, nisamehe. Ni mimi. Nilikubana sana shingo."

Bibi akamvuta mapajani. "Siyo wewe, mke mwenzangu. Kukumbatia hakuleti saratani. Hata kidogo."

Kisha akamwambia afumbe macho, naye Bibi atamsimulia yaliyomo shingoni.

Humo mna tezi. Ina mabawa mawili, kama kipepeo aliyetua.

Mungu ameiwekea askari. Ni chembe nyeupe, ndogo, ndogo sana. Wanaelea ndani ya damu, polepole. Shwaa, shwaa.

Wakikutana na chembe yoyote, huiuliza.
"Wewe ni wa hapa?"
"Wa hapa."
"Haya, pita."
Shwaa, shwaa.

Siku moja chembe ya tezi ikaharibika. Ikajigawa, zikawa mbili. Zikajigawa, zikawa nne. Askari wakaja.

"Ninyi ni wa hapa?"
"Wa hapa. Tumezaliwa hapahapa."
Na kweli, zilizaliwa hapohapo.
"Haya, piteni."
Shwaa, shwaa.

Askari wengine wakazipelekea hata chakula. Walidhani ni majirani wagonjwa, maskini.

Lakini askari mmoja mdogo akarudi. Akazitazama tena. Akazigusa.
"Jamani," akasema, "tumekosea."

Wenzake wakaja, wakazizunguka chembe mbovu. Wanapigana mpaka leo. Ila zimeshakuwa nyingi, na wao wamechoka. Wanamhitaji daktari.

Semeni akauliza, macho bado kayafumba, kama askari wale waligombezwa.

"Hapana," Bibi akasema. "Wamekiri kosa, wakarudi kazini."

Jumatatu daktari akautoa uvimbe, wote.

Bibi akarudi nyumbani na bandeji shingoni. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama upepo mlangoni. Atakunywa kidonge kila asubuhi. Daktari alisema anaendelea vizuri, na Bibi akamshukuru Mungu.

Mchana ule wakajilaza mkekani. Semeni akasogea, akasogea tena. Akafumba macho, akaweka mdomo karibu na bandeji, bila kuigusa.

"Askari," akanong'ona, "poleni na kazi."

Kisha sauti ndogo, ndogo sana, ikamjibu.
"Tumeshapoa."

Semeni akafumbua jicho moja. Bibi alikuwa amefumba yote mawili, lakini tumbo lake lilikuwa linacheka.

Semeni akalala palepale, ubavuni mwa Bibi.