Jumatatu za Mpima Maji

Ndugu zangu, zamani Jumatatu ilikuwa na raha yake mtaani kwetu. Asubuhi Mpima Maji alifika na chupa zake kwenye kisanduku cha baridi, akachota sampuli kisimani, kisha akaja kibarazani kunywa chai na mama.

"Leo umetuletea ugonjwa gani?" mama alimtania.

"Maji yenu yananikosesha kazi, mama!"

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Nikizikumbuka Jumatatu hizo, machozi hunilengalenga.

Kisha mdogo wangu akapata cheo. Ofisi ya mkoa ilimtaka atathmini vituo vyote vya kupima maji na hewa: kipi kinastahili gharama zake na kipi kifungwe. Akabuni hesabu iliyowafurahisha wakubwa: gharama za kituo zigawanywe kwa idadi ya mara ambazo kilitoa tahadhari. Kituo cha kisima chetu hakikuwahi kutoa tahadhari hata moja, kwa hiyo kikawa cha kwanza kufungwa. Moyoni alijisifu kwamba hakupendelea kwao.

"Ndiyo kusema nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Kwamba maji yetu ni salama, mama. Tunapimwa bure tu."

"Haya. Ila chai nitakunywa na nani?"

Tulicheka. Jamani, tulicheka!

Mvua za mwaka uliofuata, bomba la majitaka lilipasuka chini ya barabara. Maji ya kisima yalibaki maangavu na matamu vilevile, na hakuna aliyekuja kuyapima. Mama alianza na homa, tukasema ni uchovu. Likaja tumbo, tukasema ni chakula. Daktari alipotamka homa ya matumbo, utumbo ulikuwa umeshatoboka.

Wodini mdogo wangu alimshika mkono. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Mrudishe tu mwenzangu wa chai."

Hakuzungumza tena.

Kituo kimerudishwa. Kila Jumatatu Mpima Maji huchota, kisha hukaa kibarazani. Mdogo wangu ndiye anayemmiminia chai, na kikombe cha mama hukiweka pembeni, kitupu.

FUNZO

Gharama zipunguzwe, sikatai. Fedha ya umma si ya kuchezea. Lakini kituo kinachosema kila wiki kwamba maji ni salama, hicho kinafanya kazi. Kabla hamjakifunga, ulizeni: siku mambo yakiharibika, nani atatuambia? Kwetu, aliyetuambia ni mama.