Kinyongo cha Shuka Jeupe

Plot ya nyumba za kupanga huko Witeithie ilikuwa na kamba moja ya kuanikia, na wapangaji wote waliigombea. Siku moja Wakonyo alilisukuma shuka jeupe la jirani yake Ndinda, apate nafasi ya nguo zake. Likaanguka topeni. Ndinda alilifua tena, lakini jambo akaliweka moyoni. Salamu zikaisha. Akaisimulia habari ya shuka hilo sokoni na kanisani, hata kwa wasiouliza.

Jumamosi moja aliona moshi dirishani kwa Wakonyo, aliyekuwa ameenda dukani na kuacha maharagwe motoni. Moyo wa Ndinda ukasema, "Wacha yaungue. Akome." Akaanika shuka moja, polepole.

Kisha akasikia mtoto akikohoa mle ndani.

Ndinda alikimbia, akasukuma mlango, akamtoa Lynn, binti mdogo wa Wakonyo. Mtoto alikuwa mzima. Wakonyo aliporudi alimkumbatia Ndinda akilia na kumshukuru. Ndinda alijiogopa mwenyewe.

Jioni alikwenda kwa Magdalene, jirani anayefanya kazi ya ushauri Ruiru.

"Niliona moshi nikafurahi," Ndinda alisema. "Mimi ni mtu gani?"

"Ni mtu amebeba kinyongo. Nikisomea ushauri, tulifundishwa vile Wabudha wanakieleza."

"Wabudha? Si sisi ni watu wa kanisa?"

"Hata mimi. Lakini sikiza. Hasira huja ikapita. Kinyongo ni kuishika isiende. Hata kama ulikosewa kweli, kinaharibu akili yako wewe, mpaka unashindwa kumvumilia mtu."

"Sasa nifanye aje?"

"Kikikujia, sema, 'Hiki ni kinyongo.' Usianze tena ile stori ya shuka. Mtakie huyo mama kitu kizuri, hata kidogo. Halafu umwambie ukweli."

Asubuhi Ndinda alimweleza Wakonyo yote. Wakonyo akamkodolea macho.

"Ulianika nguo na mtoto wangu yuko ndani?"

"Sikujua yuko. Lakini nilianika. Nisamehe."

Wakonyo akaingia kwake, akafunga mlango.

Ndinda hakuacha. Kinyongo kilipomjia, alikiita kwa jina lake, akamtakia Wakonyo usingizi mwema. Taratibu moyo wake ukawa mwepesi, ingawa mlango wa jirani ulibaki umefungwa.

Jumamosi nyingine alipokuwa akianika, Wakonyo alitokea na Lynn mgongoni.

"Ile shuka yako, nilikosea," alisema. "Naenda Juja mara moja. Nikalie na huyu."

Ndinda aliacha nguo zote kwenye beseni, akampokea mtoto kwa mikono iliyolowa.