Mbuzi Watatu wa Mzee Nzau

Jumapili ile Kathini aliingia kwa Nduta kinyumenyume, maana mkono mmoja ulikuwa unamvuta mwanawe Kiilu, aliyekataa kuingia, na mwingine unamzuia Nthoki, aliyekwisha kuingia. Ndivyo alivyomkanyaga mwanamume mguu kabla ya kumwona uso.

"Woi! Pole sana!"

"Si kitu, mama. Huo mguu ni wa akiba."

Akageuka. Mbele yake palisimama jitu refu, jeusi la kung'aa, ndani ya suti ya kijani iliyopigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Ungedhani ni bwana harusi aliyepotea njia, isipokuwa begani alikuwa na kibegi cha waridi chenye picha ya paka, na mkononi kashikwa na msichana wa miaka mitano aliyesukwa nywele vibaya. Nywele zile zilisema wazi: nyumbani kwetu hakuna mama.

Hoteli ya Nduta iko Kariobangi, nyuma ya karakana za jua kali. Meza ni saba, na watu wakitoka kanisani hata kreti za soda hukaliwa. Mlangoni Nduta alikuwa ameweka ubao na kuandika kwa chaki: BRANCHI, SAA NNE HADI SAA SABA. Ukimuuliza branchi ni nini, atakwambia ni chai iliyochelewa ikakutana na chakula cha mchana njiani, wakaoana bila kujulisha wazazi.

"Meza imebaki moja!" Nduta alipaza sauti kutoka jikoni. "Ketini pamoja, hamtaambukizana!"

Wakaketi. Mwanamume akajitambulisha: Sylvance Odero, fundi wa sufuria, Baba Awiti. Mkewe alifariki Awiti akiwa bado anatambaa.

"Mimi ni Mama Nthoki," alisema Kathini, akaishia hapo. Jina ni kama ufunguo wa nyumba, hulitoi mezani kabla ya chai.

Kiilu, miaka mitatu, akachovya soseji katika kikombe cha Odero. Kathini akataka kuzama chini ya meza. Odero akanywa funda moja, akafikiri.

"Nduta! Chai yako leo ina nyama. Usipandishe bei."

Kisha akachukua chapati, akaikata vipande vidogo vidogo, akawagawia watoto watatu bila kuuliza yupi ni wa nani. Kathini aliona. Alijifanya anatafuta chumvi, lakini aliona.

Tangu hapo kila Jumapili meza ile ikawa yao. Katikati ya wiki, Kathini akiwa kwenye cherehani anashona sare za shule, simu ililia saa sita mchana bila kukosa.

"Halo, nyar Ukamba, binti wa Ukambani. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula nyundo. Kidole kimevimba kama ndizi."

"Basi leta nikipulize kwa simu."

"Puliza, mpenzi. Lakini polepole, mafundi wenzangu wananitazama."

Kathini alipuliza. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwenye deni la vifungo mia nne vya kushona, alikaa akipuliza simu.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa na kufuli. Baba ya watoto wake alimchukua kwa maneno matupu. Hakupeleka hata kuku kwa kina Kathini kule Masii, Ukambani, na alipotoweka hakukuwa na mzee wa kwenda kumuuliza. Siku ile Kathini aliapa: mwanamume mwingine akinitaka, ataniuliza mimi kwanza, macho kwa macho, halafu ndiyo aende kwa baba. Na Odero, kwa miezi mitano ya chapati, alikuwa hajauliza kitu.

Basi ikaja Jumapili ya mshtuko. Kathini alivaa gauni la kitenge cha manjano, mabega yamefura kama maandazi. Simu yake ikalia akiwa anamfuta Kiilu pua, mdomo wake mwenyewe umejaa andazi. Nthoki akaipokea na, kwa ujuzi wa watoto wa siku hizi, akaiweka sauti ya nje. Hoteli nzima ikamsikia Mzee Nzau kutoka Masii.

"Kathini mwanangu! Umenipa heshima!"

"Hefima gani, baba?"

"Mume wako! Mbuzi wamefika jana. Watatu! Nimeita wazee, tumechinja mmoja, tumekula mpaka tukanyamaza. Shangazi yako amepiga vigelegele, leo hana sauti. Sasa wewe ni mke wa mtu!"

Andazi likasimama kooni.

Kwa Wakamba mbuzi watatu si zawadi. Ni ntheo. Mwanamume akiwapeleka, baba wa msichana akiwapokea na mmoja akachinjwa, mambo yamekwisha, msichana ameolewa, hata kama muda ule yeye mwenyewe yuko Kariobangi anatoboa tundu za vifungo.

Odero alikuwa anapiga makofi. "Wamefika? Ayaye! Nilimwambia Mohamednur, muuza mbuzi wa Kiamaiko, achague wanono!"

Kathini akakata simu. Akameza. "Umenioa?"

"Nani?"

"Mimi! Umenioa?"

"Mimi? Lini?"

"Jana!"

"Jana nilikuwa nagonga sufuria!"

"Mbuzi watatu, Baba Awiti! Umepeleka mbuzi watatu kwa baba yangu!"

Uso wa Odero ukageuka rangi, ukawa wa majivu. Nduta alitoka jikoni na mwiko mkononi, ukidondosha mchuzi sakafuni, na hakuna aliyemwambia.

"Lakini kwetu Wajaluo mahari ni ng'ombe," Odero alinong'ona. "Mbuzi ni... mbuzi ni salamu! Siku ile ulipompeleka Kiilu msalani, simu yako ililia, nikazungumza na mzee. Akaniambia fisi wamemmalizia mifugo. Nikamhurumia!"

"Na ukaona usiniambie."

"Nilitaka ushtuke kidogo."

"Nimeshtuka." Kathini alikwisha kumbeba Kiilu. "Wa kwanza alinichukua bila kumuuliza baba. Wewe umenichukua bila kuniuliza mimi. Mimi ni nini, gunia la mahindi? Nthoki, twende."

Wakatoka, watoto na chapati mikononi. Awiti akaanza kulia. Odero alibaki ameketi kama mtu aliyeamka akajikuta na mke, na kabla hajamtazama vizuri, mke ameondoka.

Siku ile alipiga simu mara kumi na moja. Kathini hakupokea. Yeye alimpigia baba yake.

"Baba, warudishe mbuzi."

"Wawili nitawarudisha. Wa tatu nimrudishe vipi, niwatapishe wazee? Ntheo hairudi pungufu, mwanangu. Wewe tulia, uolewe."

Wiki mbili zikapita. Cherehani ililia peke yake. Jioni moja Nthoki akiokota vipande vya kitambaa sakafuni akauliza, "Mama, mbuzi wangu amezoea kwa babu?"

"Mbuzi wako yupi?"

"Yule mweupe. Wa Awiti ana madoa. Wa Kiilu ni mweusi. Baba Awiti alituambia kila mtoto ampe babu mbuzi mmoja, na tusiseme."

Mguu wa Kathini ukabaki umekanyaga pedali. Alipotazama chini alikuta ameshona mfuko wa kaptura ya mtu, ameufunga kabisa. Watatu kwa sababu ya watoto watatu. Angekuwa na mtoto mmoja zaidi, asingeolewa! Alicheka peke yake, kisha machozi yakamtoka, kisha akakasirika tena, maana hata kwa wema wote huo, bado hakuna aliyemuuliza.

Jumapili ikafika. Alijiambia anaenda kwa Nduta kwa sababu watoto wana njaa. Alijiambia gauni la manjano ndilo pekee lililokuwa safi.

Pale mlangoni, mbele ya ubao wa Nduta, alikuwapo beberu mweusi. Alikwisha kuiramba ile BRANCHI yote, sasa alikuwa anaanza saa nne. Pembeni yake alisimama Odero, suti ya kijani, kwato zimemchora matope mpaka magotini. Awiti alishika kamba ya beberu kwa mikono miwili.

"Huyu ni wa nne?" Kathini aliuliza.

"Ni wa tatu. Baba yako amenieleza yote kwa simu. Alicheka mpaka simu ikaisha chaji." Odero hakutabasamu. "Aliniambia huwezi kurudisha kwa sababu mmoja ameliwa. Nimemlipa. Sasa wametimia, Kathini. Ukitaka kurudisha, rudisha. Hakuna atakayesema ulikula mbuzi wa watu."

Ilikuwa mara ya kwanza amwite jina lake.

"Na nisipotaka kurudisha?"

"Basi nitakuuliza."

"Uliza tuone."

Jasho lilimtiririka jitu lile. "Kathini wa Nzau, utakubali niwe mume wako, na safari hii ukiwa unajua?"

Kiilu alikuwa amemkumbatia beberu shingoni. "Wangu amerudi!" alisema, na watu wazima wote wakatazama mawinguni.

Kathini aliingia, akaketi mezani pao, akaagiza chai, akaipuliza, akainywa mpaka majani. Odero alisimama mlangoni kama mshtakiwa. Nduta alitaka kusema neno, akajifinya.

Ndipo Kathini akatoa simu. Safari hii sauti ya nje aliiweka mwenyewe.

"Baba."

"Mwanangu. Mbuzi wanarudi?"

"Hapana. Mmoja anakuja, mweusi. Usiite wazee mpaka nifike. Naolewa nikiwapo."

Odero alikaa chini pale pale kizingitini, suti na yote.

"Asi!" Mzee Nzau alishangilia kule Masii. "Basi ninoe kisu?"

Kathini akatazama mlangoni. Kiilu alikuwa anamlisha beberu chapati, kipande kimoja kwake, kimoja kwa mbuzi.

"Hapana, baba," alisema. "Nunua kuku."