Swali la Mama Lilikuja Kwenye Laivu

Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Magomeni, mwanafunzi wa udaktari. Jina langu mtanisamehe, nalificha. Mkitaka kunisema nisemeni tu, nimeshajisema mwenyewe vya kutosha.

Mama yangu anauza khanga Kariakoo. Au niseme alikuwa anauza... Baba alishatangulia mbele ya haki, nikabaki mimi tu na mama. Siku nilipochaguliwa kusomea udaktari, mama alipika pilau akagawa mtaa mzima! Tangu hapo wenzake sokoni wakamwita Mama Daktari. Hata sindano sijajua kuchoma, majirani tayari wananiletea watoto wanaoharisha. Ndivyo tulivyo. Mtoto akianza tu udaktari, ukoo mzima unaona umepata hospitali yake.

Ugonjwa wangu mimi ulianza mwaka wa pili. Nilikuwa naingia mtandaoni kutafuta maswali ya mitihani iliyopita. Jamani, nani angedhani mtu anaweza kuangamia kwa kutafuta maswali ya mitihani? Siku moja nikavaa koti langu jeupe, nikarekodi video fupi kueleza kwa nini watu wanakosa choo. Ikasambaa! Watu wasionijua wakaanza kuniita dokta, wakanisifia, wakanitumia mioyo kioo kizima. Nyie, kusifiwa kuna utamu wake!

Nikaanza kwenda laivu. Mwanzo Jumapili tu, baadaye kila jioni, mwisho hata katikati ya vipindi. Mwili darasani, roho mfukoni kwenye simu. Wodini mwalimu anaulizia hali ya mgonjwa, mimi nimeinamia maoni ya mashabiki. Nikala sapu, yaani nikafeli ikabidi nirudie mtihani. Nikala nyingine. Nikaonywa kwamba nikiendelea hivyo nitadisko, nifukuzwe chuo.

Msidhani sikujaribu kuacha! Asubuhi naufuta ule mtandao kwenye simu, adhuhuri nimeshaurudisha. Nilimpa simu Neema, mwenzangu wa darasani na chumbani, anifichie. Nikamgeuka, nikamtukana mpaka akanirudishia huku analia. Chooni naenda nayo. Nikiswali, kichwani nawaza nani kaniandikia nini... Astaghfirullah! Nilijiona kabisa nazama, na kidole kinaendelea kuteleza kwenye kioo.

Sasa mama kuandika kunamsumbua, kwa hiyo hunitumia ujumbe wa sauti. Zamani nilisikiliza zote nikacheka. Baadaye nikaziona ndefu. Mama akianza salamu, atapitia kwa shangazi, atapitia kwa paka wa jirani, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Mimi watu wananisubiri laivu! Basi nikawa nazibonyeza tu zionekane zimesikilizwa, naandika, "Sawa mama, usijali," naweka na moyo mwekundu.

Kumbe mama alikuwa anaumwa!

Mama ana kisukari cha siku nyingi, miguu imeshakufa ganzi. Alikanyaga msumari stoo wanakoweka mizigo, na hakusikia chochote. Jioni alipovua ndala ndipo akaona damu. Akanitumia sauti. Nikamjibu sawa mama, usijali. Kidonda kikavimba, akatuma nyingine. Usijali. Akatuma picha, sikuifungua. Mama Sharifa, anayeuza meza ya pili yake, alimsihi waende zahanati mpaka akachoka. Mama akawa anamwonyesha simu kwa majivuno kwamba yeye ana daktari wake, na daktari wake kamwambia asijali.

Mama yangu alinitii... Hilo ndilo linaloniua mpaka leo.

Jioni moja nipo laivu, nimependeza, koti limepigwa pasi. Likaingia swali kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Dokta, mtu wa kisukari kakanyaga msumari. Kidonda kinatoa maji na harufu, ila hakiumi. Si ndiyo kinapona?"

Nilishtuka kweli kweli. Nikasogeza uso kwenye kamera, nikajibu kwa upole ambao nyumbani walishausahau. "Mpendwa, kutokuuma ndiyo hatari yenyewe. Usingoje kesho. Mpeleke hospitali sasa hivi, na huo mguu asiukanyagie. Mwambie dokta anampa pole sana, sawa?" Mioyo ilifurika! Mama Sharifa alianza kunipigia muda si mrefu baadaye. Nikamkatia kila alipopiga, maana simu zake zilikuwa zinaniharibia laivu. Nililala na furaha, najisifu kwamba leo nimeokoa mtu.

Kesho yake Neema alirudi kutoka wodi ya upasuaji, akanikuta kitandani na simu yangu. Akasimama mlangoni. Akaniuliza mama yangu anauza nini. Khanga, Kariakoo, kwani vipi? Akasema kuna mama kaletwa jana, anawaambia manesi kwamba binti yake ni daktari hapa hapa, lakini wasimsumbue, ana wagonjwa wengi.

Nilikimbia peku! Nilipofika, mguu ulishakatwa, chini kidogo ya goti.

Mama Sharifa alikuwa pembeni ya kitanda. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akanieleza bila kunitazama. Lile swali lilikuwa la mama. Alimwomba Mama Sharifa aliandike kwa simu yake, akisema nikipigiwa sipokei, basi niulizwe kule ninakojibu watu. Wakakaa nyuma ya meza, mama kaishika ile simu kwa mikono miwili, ananisikiliza. Nilipotoa ile pole, alilia. Kisha akamwambia mwenzake wainuke waende, daktari kasema.

Mama alipofumbua macho hakunigombeza. Alisema, "Umeeleza vizuri, mwanangu. Nimekuelewa." Bora angenizaba makofi!

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi, nikazisikiliza sauti zake zote. Kila moja inaisha vilevile: "Haya daktari wangu, najua una wagonjwa. Ukipata nafasi." Nalia, kamasi zinanitoka... na hapo hapo simu ikalia, kioo kikaonyesha kuna mtu kaniandikia. Na mimi nikafungua! Mama kakatwa mguu, na kidole changu kikaenda chenyewe! Ndipo nikajua mgonjwa wa kwanza pale hospitali ni mimi.

Simu nilimkabidhi Neema na safari hii sikuirudia. Sasa natumia kitochi cha kupiga na kupokea tu. Narudia mwaka, nalala nyumbani, namfunga mama bandeji kwa mkono wangu. Mkono huo huo bado unawasha, sitawadanganya. Kuna siku nasimama mbele ya duka la simu nashindwa kuondoka. Mama Sharifa mpaka leo haitikii salamu yangu.

Wadogo zangu mnaosomea kutibu watu, nawaomba kwa machozi. Ukiona umeshindwa kuiweka simu chini, sema mapema, tafuta mtu akushike mkono kama unavyomtuma mgonjwa wako hospitali. Na ujumbe wa mama usikilize mpaka mwisho, hata akianza na paka wa jirani.

Niishie hapa, mama ananiita chumbani... Abee mama, nakuja!